Kengele Isiyosikia

Saa nne asubuhi Kapteni Dulamsuren alifungua kengele ya kwanza ya kutambua gesi ya makaa, kwa bisibisi ndogo ya kukazia miwani. Ndani alikuta betri, taa ya kijani, kipaza sauti kisichozidi kifungo cha koti, na kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi.

"Hicho chuma kinafanya nini?" aliuliza Sajini Jigmed. Alikuwa na miaka hamsini na minne, kumi na sita zaidi ya mwanamke aliyekuwa kapteni wake, na aliinama mezani mpaka pumzi yake ya kitunguu ikamfikia.

"Kinaongeza uzito. Bila hicho ungeishika tu ukajua ni debe tupu."

"Na kile kinachonusa gesi?"

"Kitafute wewe. Mimi sikioni."

Jigmed alitafuta, kisha akabonyeza kitufe cha kujaribia. Kengele ililia kwa ukali mpaka karani wa chumba cha pili akapiga ukuta.

"Inalia vizuri," Jigmed alisema.

"Inalia ukiibonyeza. Luvsan alikuwa amelala, hakuwa na wa kumbonyezea."

Luvsan alikuwa fundi wa reli pale Ulaankhudag, mji wa mpakani ambako treni husimama kukaguliwa. Asubuhi ya juzi mkewe, aliyekuwa amekwenda kwa dada yake, alirudi akamkuta amekufa ndani ya hema lao la sufu lenye mlango wa mbao. Jiko lilikuwa limeshindiliwa makaa ya mawe na tundu la paa limefunikwa kuzuia baridi. Juu ya kitanda taa ya kijani ya kengele ilikuwa bado inawaka.

Dulamsuren alifungua kengele ya pili, iliyochukuliwa kwa jirani wa Luvsan. Betri, taa, kipaza sauti, chuma. Akazigeuza zote mbili. Kila moja ilikuwa na kibandiko cha ukaguzi cha Idara ya Usalama wa Raia na Mipaka, idara yao wenyewe, na chini yake namba 0418 na sahihi ya Mkaguzi Puntsag.

"Kanali keshaamua ni Puntsag," Jigmed alisema. "Asubuhi alikuwa anauliza kama mahabusu kuna godoro."

"Vibandiko vyetu hutolewa kwa namba zinazofuatana. Inakuwaje kengele mbili ziwe na namba moja?"

Jigmed alikuna shingo. Kisha akaona kitu kwenye kibandiko, kama unywele mfupi uliolala juu ya namba nane. Akaukwangua kwa ukucha. Haukutoka. Akakwangua wa kengele ya pili, mahali pale pale. Nao haukutoka.

"Umechapwa," alisema polepole.

"Ndiyo. Mtu alipiga picha kibandiko kimoja cha kweli kikiwa na unywele juu yake, akachapa nakala bila kuangalia. Nenda kamwite Puntsag."

"Hana haja ya kuitwa. Yuko kwenye benchi tangu mlango ufunguliwe."

Mkaguzi Puntsag aliingia na begi la nguo. Alikuwa mwembamba, mwenye masikio makubwa, na alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeambiwa asizoee.

"Begi la nini, kaka Puntsag?" Dulamsuren aliuliza.

"Soksi za sufu, chupa ya chai na nguo za ndani nene. Mke wangu amesikia mahabusu hakuna joto."

"Hizi kengele umewahi kuzikagua?"

Puntsag hakuzigusa. Alizitazama muda mrefu, moja baada ya nyingine.

"Hapana. Hizi hazijapita mikononi mwangu."

"Jina lako lipo hapo."

"Jina langu lipo, afande, lakini hizi sikuzikagua. 0418 ilikuwa kengele moja tu, sampuli, mwezi wa kumi. Aliileta dada Tsendayush, yule wa kontena la vifaa vya majiko pale sokoni. Alitaka kujua kama ni nzima kabla hajaagiza nyingi."

"Ukaikagua vipi? Ulibonyeza kitufe?"

Kwa mara ya kwanza Puntsag alionekana kukasirika. "Kitufe hata mbuzi anaweza kukibonyeza. Niliwasha makaa kwenye ndoo, nikaifunika pamoja nayo kwa turubai, nikashika saa. Ililia dakika ya nne. Nilipima mara tatu. Nimeandika, kitabu kipo ghalani, rafu ya juu, nendeni mkaone."

Jigmed alikuwa amekwisha kwenda. Alirudi na kitabu baada ya dakika kumi, theluji mabegani, akakiweka mezani na kidole juu ya mstari. Dakika ya nne. Dakika ya nne na nusu. Dakika ya nne. Pembeni Puntsag aliandika kwa mwandiko mdogo: *Nzuri. Nimemwambia aniletee zote.*

"Akazileta?"

"Hakurudi. Nikadhani ameghairi. Luvsan ndiye aliyenitengenezea bomba la jiko langu. Ningejua ameweka kengele, ningekwenda kuitazama. Ningekwenda hata usiku."

Dulamsuren alifunga kitabu. "Rudi nyumbani ukarudishe hilo begi. Halafu rudi kazini, nitakuhitaji mchana."

Soko la Ulaankhudag lilikuwa safu mbili za makontena yaliyogeuzwa maduka. Kipimajoto mlangoni kilionyesha nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, na redio ya muuza nyama ilikuwa inasema upepo wa kaskazini utafika kabla ya jua kuzama. Tsendayush, mwanamke mnene wa miaka arobaini na kitu aliyefunga skafu mbili, alikuwa anawatania wateja wake wawili kuhusu waume zao. Alipoona sare alinyamaza, na wateja wakakumbuka shughuli zao.

"Karibuni chai," alisema.

"Asante, dada. Kengele za gesi, umebakiwa nazo?"

"Ziliisha zamani."

"Zilikuwa ngapi?"

"Sijui. Chache."

"Luvsan aliinunua kwako?"

Tsendayush alimimina chai ya maziwa kwenye bakuli, ikamwagika ukingoni. "Watu wote hununua kwangu. Sasa mtu akijaza jiko kama tanuru la reli, ni kosa la muuza duka?"

Dulamsuren alitoa kengele ya Luvsan mfukoni, kifuniko kimefunguliwa, akaiweka kaunta. Kwa bisibisi alionyesha betri, taa, kipaza sauti. Kisha akaingiza ncha ya bisibisi pale palipokuwa patupu.

"Hapa ndipo kinapokaa kile kinachonusa gesi. Hapa hapana kitu, dada. Haisikii chochote. Imetengenezwa iwake taa tu."

Tsendayush aliinama. Aliangalia kwa muda, kisha akaanza kutafuta kwa kidole, kama vile huenda wamekosea, kama vile kitu kimejificha pembeni. Alipogusa chuma kilichobandikwa alirudisha mkono.

"Aliniambia ni zile zile," alisema.

"Nani?"

"Zundui."

Jigmed aliguna. Zundui alijulikana mji mzima: alikuwa mchukuzi, anayevuka mpaka mara mbili kwa wiki kuwaletea wafanyabiashara mizigo yao kutoka ng'ambo.

"Nilimpa ile sampuli iliyopimwa na Puntsag," Tsendayush alisema, "nikamwambia nataka sitini kama hii hii. Akaniletea na vibandiko vimeshabandikwa. Akasema amepitia kwa Puntsag mwenyewe kunipunguzia usumbufu."

"Na ile sampuli iko wapi?"

"Hajairudisha."

"Kengele zilikuja kwenye nini?"

Tsendayush alisogeza bakuli la chai. "Ndani ya viatu vya sufu. Kila kiatu na kengele yake. Nikadhani ni ili zisivunjike njiani."

"Ulidhani, au ulitaka kudhani?"

Machozi yalimtoka bila sauti na akayapangusa kwa ncha ya skafu, moja kwa moja, kama mtu anayepangusa kaunta.

Simu ya Dulamsuren ililia. Alikuwa daktari wa zamu. Aliongea haraka: mama na watoto wawili wameletwa kutoka mtaa wa nyuma ya reli, wanatapika, vichwa vinawauma, mdogo hakuweza kusimama. Jirani aliyekwenda kuazima shoka ndiye aliyewavuta nje. Wako hai. Jirani angechelewa nusu saa, daktari alisema, angewakuta wamekufa.

"Kengele walikuwa nayo?"

"Wanayo. Baba mtu amekuja nayo mkononi. Ananiuliza kwa nini haikulia."

Ilikuwa saa saba kasoro robo. Dulamsuren alitoka nje ya kontena akampigia Kanali Shagdar, mkuu wa kituo. Alimweleza kila kitu kwa sentensi tano, na mwisho akasema anataka redio ya mji itangaze sasa hivi: kila mwenye kengele ya kijani aiondoe, afungue tundu la paa, asishindilie jiko.

"Subiri," kanali alisema. "Huyo Zundui yuko ng'ambo leo. Jina lake lipo kwenye orodha ya wanaovuka saa tisa. Ukitangaza saa saba, unafikiri atavuka?"

"Hatavuka, afande."

"Basi nipe saa mbili. Mbili tu! Tunamkamata na mzigo wake, halafu utangaze mpaka redio iungue."

"Yule mama alikuwa na nusu saa, afande. Na ameshindilia jiko mchana, upepo haujafika. Ukifika, mji mzima utafanya hivyo."

Ndani ya kontena Jigmed alikuwa anamwambia Tsendayush anywe chai yake.

"Mama mkwe wangu anayo moja," kanali alisema mwishowe, sauti imeshuka. "Nilimnunulia mwenyewe. Tangaza. Lakini Zundui akituponyoka, ripoti utaandika wewe kwa mkono wako."

"Nitaandika, afande. Na nisaidie jambo moja: makao makuu watupakilie kengele nzima kwenye treni ya leo."

Alimtuma Jigmed kivukoni, akamwita Puntsag ofisini kupokea kengele zitakazoletwa, kisha akarudi kwa Tsendayush.

"Umewauzia akina nani?"

"Sikuandika majina."

"Sikuulizi ulichoandika."

Tsendayush alifumba macho. Alianza na mwalimu wa hesabu, aliyelalamika kuwa taa inamulika usoni. Akaja dereva wa kreni, aliyenunua mbili, yake na ya mama yake. Mapacha wa kiwanda cha mikate. Mwanamke mwenye kidole kilichokatika. Mmoja baada ya mwingine aliwataja kwa nyuso zao, makoti yao, waliyoyasema siku ile, na Dulamsuren aliandika mpaka wino ukaganda akahamia penseli. Kengele zilipofika sitini, alimsomea orodha yote.

"Sasa niambie, kati ya hawa nani hatasikia redio?"

Tsendayush alielewa mara moja. "Kumi na tatu," alisema. "Wazee, wasio na umeme, na wale wa machimbo ya zamani, kule redio haishiki. Nitakuonyesha. Bila mimi huwezi kuyajua hayo mahema, hayana namba." Kisha akauliza, "Nitafungwa?"

"Utashitakiwa. Uliingiza mzigo bila ukaguzi, na mtu amekufa. Kuhusu kufungwa, hakimu ndiye atakayesema."

"Haya," Tsendayush alisema, akafunga kontena, akakabidhi ufunguo kwa muuza nyama.

Walizunguka kwa gari la idara, Dulamsuren akiendesha. Mitaani tangazo lilikuwa limeshafika. Watu walikuwa wanatembea kuelekea kituoni wakiwa na kengele kwenye mifuko, kwenye kofia, mtoto mmoja akiibonyeza ya kwao kila hatua. Katika hema la kwanza mzee alimrushia Tsendayush kengele kifuani. Katika la tatu mwanamke alimshukuru kwa kuja, na hilo lilionekana kumwumiza zaidi. Kila mahali alisema maneno yale yale, amesimama mlangoni bila kukaa: "Niliwauzia kitu kibovu bila kukipima. Nipeni. Na msifunike tundu lote, acheni upana wa kiganja."

Kule machimboni, kwenye hema la saba, mlango ulikuwa umefungwa na hakuna aliyejibu. Dulamsuren alipiga bega mara mbili, bawaba ikang'oka. Ndani mlikuwa na mbwa tu na jiko lililozimika. Wenyewe walikuwa wamekwenda arusini. Tsendayush alikaa chini kwenye theluji akacheka, kisha akawa halii wala hacheki. Dulamsuren alimshika mkono akamwinua.

Saa tisa na nusu Jigmed alipiga simu.

"Alikuwa wa tisa kwenye foleni, afande. Namwona kabisa kupitia uzio, na viatu vyake vya sufu vimefungwa kwenye marobota. Simu yake ikalia. Akasikiliza, akatoka kwenye foleni. Na kabla hajaondoka alinipungia mkono. Mshenzi! Kama tunaagana!"

"Marobota?"

"Aliyaacha chini. Wenzetu wa upande wa pili wameyachukua. Ofisa wao ameniahidi hatafungua mpaka tuwepo wote."

"Basi mzigo upo, na uso wake umeonekana. Andika jina la ofisa huyo. Kesho tutaomba rasmi."

"Kanali ananiuliza nimwambie nini."

"Mwambie ulipungiwa mkono," Dulamsuren alisema. "Na muulize kama ameshafika kwa mama mkwe wake."

Jua lilikuwa limeanza kugusa vilima walipofika hema la kumi na tatu, la Bibi Khorloo, mjane wa miaka themanini na moja aliyeishi peke yake nyuma ya ghala la maji. Upepo ulikuwa umeanza, unabeba theluji chinichini kama unga. Bibi alikuwa kitandani, magoti yamezungushiwa ngozi ya kondoo. Aliwakaribisha vipande vya maziwa yaliyokaushwa kutoka bakulini, na walipomweleza alikataa katakata.

"Hamuiondoi. Ile taa nalala nayo. Nikiamka naiona, najua niko salama."

"Haiko salama, bibi," Dulamsuren alisema. "Haifanyi kazi."

"Inafanya. Inawaka."

Tsendayush, ambaye siku nzima hakuwa amekaa kwenye hema la mtu, alipiga goti kando ya kitanda. "Bibi, ni mimi niliyekuuzia. Nilikudanganya bila kujua, lakini nilikudanganya. Haisikii. Unaweza kufa taa ikiwa inawaka."

Bibi Khorloo alimtazama. Kisha akanyoosha mkono ukutani, akaishusha mwenyewe, akampa.

Dulamsuren alieleza habari ya tundu la paa na jiko. Bibi alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Wewe una magoti, binti yangu. Mimi nikishalala siamki mpaka asubuhi. Najaza jiko mara moja, mpaka juu, nafunga. Nikiweka kidogo, saa sita usiku limezimika, na mimi nimeganda."

"Tukupeleke hospitali ulale huko?"

"Siendi hospitali ya watu nikiwa mzima."

"Kwa jirani?"

"Nani, yule mwenye mbwa? Afadhali nigande."

Treni yenye kengele mpya ingefika asubuhi. Upepo uliipiga kamba ya paa, ikagonga turubai mara kwa mara.

Tsendayush alikuwa wa kwanza kusogea. Alivua skafu ya juu, akaikunja, akaiweka juu ya sanduku. Akafungua mlango wa jiko, akatazama ndani, akachomoa bonge moja la makaa kwa koleo na kulirudisha kwenye ndoo.

"Nitaweka moja moja," alisema bila kugeuka. "Kila saa. Mimi sisinzii ovyo. Kapteni, nikamate asubuhi. Sikimbii, nikimbilie wapi na upepo huu?"

"Sheria inasema ulale kituoni."

"Najua."

Dulamsuren alikaa kwenye kigoda. Alitoa daftari akaandika kwa penseli, akiisoma kwa sauti kila neno lilipotoka: "Mtuhumiwa Tsendayush yuko chini ya ulinzi. Mahali: hema la Bibi Khorloo, nyuma ya ghala la maji. Msimamizi..." Akainua kichwa. "Bibi, unaweza kumlinda huyu mtu asitoroke?"

Bibi Khorloo alimpima mgeni wake kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

"Anajua kukata tambi?"

"Najua," Tsendayush alisema.

"Nyembamba, siyo zile za mkoa wenu, kama kamba za ngamia."

"Nyembamba, bibi."

"Basi hatoki," bibi alisema, akavuta ngozi magotini. "Niandike."

Dulamsuren alimwandika. Alitoka nje, akaifungua kamba ya paa iliyokuwa imekazwa, akakirudisha kifuniko cha tundu nyuma upana wa kiganja chake na kuifunga tena kwa mafundo mawili. Moshi ulitoka wima kidogo, kisha upepo ukaulaza. Ndani alisikia kisu kinagonga ubao, na sauti ya kizee ikisema, nyembamba zaidi.